Koko Hapeleki Barua

Jumamosi, 11 Januari. Lizaboni, Songea

Kajetani ameondoka leo saa tatu asubuhi. Nina siku kumi na nne za ndoa na mume wangu yuko porini. Nimelia mpaka mama mkwe akaniuliza kama kuna msiba ambao yeye hajaambiwa.

Naandika kwenye kaunta buku aliyoninunulia mwenyewe. "Andika, Benigna, nikirudi nisome kila kitu." Atarudi mwisho wa Machi. Ni fundi wa mitambo ya mawasiliano kwenye kambi ya watu wanaohesabu tembo, mbele kabisa ya Lusewa, ambako barabara inakufa mvua ikikolea. Simu hazishiki huko. Wana mtambo wa setilaiti, na kwa mambo ya familia unapitisha barua pepe tu, tena za maandishi matupu, kutoka anwani zilizoandikishwa. Barua inayotoka kwenye simu, anasema, inafika imevaa nguo nyingi mno, mtambo unaitupa nje.

Ndiyo maana ameniachia laptop yake kuukuu na modemu. Haina picha wala vitufe vya kubofya, ni kioo cheusi na herufi nyeupe. Programu ya barua ina jina la Kiingereza la mbwa asiye na ukoo, kwa hiyo Kajetani anaiita Koko. "Koko hana sura," aliniambia, "lakini anafika kote." Nilimpenda Koko hapo hapo, maana mikono ya mume wangu ilikuwa juu ya mikono yangu wakati ananifundisha.

Gari la kambi lilipopiga honi alikuwa bado anaandika maelekezo, nyuma ya kadi ya mchango wa harusi yetu iliyobaki. Nimeibandika ukutani:

*Washa. Chomeka modemu.*
*Andika koko, Enter.*
*m = barua mpya.*
*Ukimaliza: Ctrl na X. Swali: N. Enter. Kisha y. Imeenda!*

Hata mwandiko wake ni mzuri.

Jumanne, 14 Januari

Nimetuma barua yangu ya kwanza! Kurasa mbili. Nimemweleza kuhusu mto wake ambao nalalia, kuhusu mvua, kuhusu shati lake la harusi ambalo sijalifua makusudi. Nimefuata kadi neno kwa neno. Nilipobonyeza N, kioo kikapepesa, mstari wa Kiingereza ukapita chini upesi, nikagonga Enter, na mara ikafunguka ile barua ya majaribio aliyonitumia tukiwa wote humu ndani: "Nakupenda, Benigna. Hii ni majaribio." Nikajua ndiyo namna ya Koko kunishukuru.

Nikabonyeza y. Pakatulia.

Ijumaa, 17 Januari

Barua yake! "Nimefika salama. Matope mpaka magotini. Nina dakika chache kila siku. Niandikie, mke wangu." Kumbe yangu iko njiani. Nimetuma nyingine.

Jumatatu, 20 Januari

Mvua. Nimetuma.

Ijumaa, 24 Januari

Mvua. Nimetuma. Mama mkwe anasema kelele ya feni ya laptop inawazuia kuku kutaga. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kugeuka, akaniambia, "Mkamwana, mahindi yanasongwa na majani, na wewe unaongea na ukuta mweusi."

Nilikwenda kupalilia. Kila jembe nililopiga nilisema jina lake kimoyomoyo.

Jumatatu, 3 Februari

"Benigna, sijapata hata barua moja tangu nifike. Wenzangu wote wanapata za wake zao. Mtambo ni mzima, nautengeneza mwenyewe. Je, Koko amekushinda?"

Sijapata hata moja! Nimeshatuma saba!

Nimekimbia hadi kwa Lidwina. Tulisoma pamoja mpaka kidato cha nne. Sasa anachapa na kutoa kopi kwenye steshenari ya hapa mtaani. Amenicheka.

"Bi harusi, mume kakukimbia, sasa unamsingizia mnara."

"Lidwina, sitanii."

"Haya, lete anwani yake."

Amemwandikia kwa kompyuta ya dukani. Kabla sijamaliza soda, barua ikarudi: mtumaji hajaandikishwa. Ni Koko tu anayejulikana kule.

Jumatatu, 10 Februari

Nimepiga simu ofisi ya mradi wao. Ameipokea mlinzi. "Wote wako porini, dada. Hata mimi nasubiri warudi." Nikamwomba apeleke ujumbe. "Kwa miguu?" akauliza, wala hakuwa anatania. Daraja la huko limeondoka na maji tangu wiki iliyopita.

Nimetuma. Ya tisa.

Ijumaa, 14 Februari

Siku ya wapendanao. Nimevaa gauni jekundu nikakaa mbele ya kioo cheusi. Nimetuma shairi nililotunga mwenyewe. Koko akanifungulia barua yake ya zamani. Nikaisoma mara sita.

Jumamosi, 22 Februari

Barua yake imekuja. Nainakili hapa yote, ili nikisoma tena nisije nikadhani nimeota.

"Mke wangu. Mkuu wa kambi anataka nibaki hadi mwisho wa mwaka ujao. Likizo ni wiki mbili tu kila Desemba. Majina yanapelekwa tarehe 20 Machi. Sitaki kuamua peke yangu. Niandikie ndiyo au hapana. Nitasubiri mpaka tarehe hiyo. Usipojibu, nitajua umekubali. Unakumbuka siku ya posa kule kwenu Mpitimbi? Shangazi yako alikuuliza mara tatu kama unanitaka, ukainama, ukanyamaza, na wazee wakapiga vigelegele. Kunyamaza kwako kulikuwa 'ndiyo' tamu kuliko zote nilizowahi kusikia. Lakini safari hii, Benigna, natamani kusikia sauti yako."

Hadi mwisho wa mwaka ujao! Nitakuwa nimeolewa karibu miaka miwili na nimekaa naye wiki nne!

Kajetani, siku ya posa nilinyamaza kwa sababu msichana wa Mpitimbi akijibu upesi anaitwa hana haya. Nilinyamaza na moyo unapiga kelele. Sasa sinyamazi! Nimeandika HAPANA kwa herufi kubwa mara arobaini. Nimetuma. Nimerudia kutuma.

Na kama hii nayo haifiki?

Jumapili, 23 Februari

Nimetuma baada ya misa. Neno moja tu, labda fupi hupita.

Jumanne, 25 Februari

Nimetuma saa kumi na moja alfajiri, labda mtandao huwa mwepesi. Mvua ilikuwa inanyesha.

Jumamosi, 1 Machi

Nimebeba laptop ndani ya mfuko wa mbolea hadi kwenye mwinuko juu ya nyumba, nikatuma kutoka huko chini ya mwavuli. Watu wa njiani walidhani nimeiba. Kwenye simu vijiti vyote vya mtandao vilijaa. N, Enter, y. Koko akanishukuru kama kawaida.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Padri alipochora msalaba wa majivu kwenye paji la uso wangu nilikuwa nahesabu: siku kumi na tano.

Barua yake leo ina mistari miwili. "Sijapata kitu. Najifunza kutotegemea."

Kutotegemea! Mimi, ambaye hata chai siwezi kunywa bila kumwekea kikombe chake pembeni!

Halafu mama mkwe amesema jambo lililonichoma. Nilimsomea barua ile ya Februari, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Kazi ni kazi," akasema. Basi. Naona sasa. Anataka mwanawe abaki huko. Labda anafurahi barua zangu zinapotea. Mungu nisamehe, nimeandika hivyo siku ya majivu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefanya jambo la kijinga.

Lidwina aliniambia tatizo la barua zisizofika mara nyingi ni namba ya mlango: kila seva ina mlango wa kupokelea barua na una namba yake, ukigonga mlango usio wake hufunguliwi. Akaniandikia namba ambayo wao dukani wanaitumia. Nimelifungua faili la mipangilio ya Koko. Sijawahi kuliona. Mistari thelathini, kila mmoja unaanza na neno lile lile, una jina, una alama ya sawasawa, na mwisho kitu kimefungwa ndani ya alama za semi. Anwani yangu imo humo. Jina langu limo pia, ameliandika "Benigna wa Kajetani". Nikalia tena.

Nikatafuta mstari wa kutuma barua. Namba ilikuwa 587. Nimeifuta nikaweka 465. Nikagusa na mstari wa juu yake kwa bahati mbaya, nikarekebisha. Nikafunga, na Koko aliponiuliza swali, kadi haikuwa na maelekezo ya hapo, nikabonyeza kila kitu mpaka akakubali.

Sasa Koko hafunguki kabisa. Anatoa mstari mwekundu na kufa. Barua zangu hazifiki, na sasa hata zake hazitaingia.

Ijumaa, 7 Machi

Mstari mwekundu.

Jumamosi, 8 Machi

Mstari mwekundu. Umeme umekatika mchana kutwa. Nilikaa tu mbele yake.

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimegombana na mama mkwe. Niandike yote, hata aibu yangu.

Alinikuta nimelaza kichwa juu ya laptop, maharage yanaungua jikoni. Akaipua sufuria. Akasema, "Mkamwana, achana na hicho chombo. Mwanaume akitaka kurudi anarudi."

Nikasimama. Nikamjibu, mimi ambaye sijawahi kumjibu mtu mzima: "Wewe unataka asirudi! Unataka abaki huko mpaka mwakani, mimi nirudi Mpitimbi!"

Mvua ilikuwa inapiga bati. Akavuta kigoda akakaa, mwiko bado mkononi.

"Unajua baba yake Kajetani yuko wapi?"

Nilisema najua, alifariki Tunduru.

"Nani kakwambia alifariki? Watu husema hivyo kwa heshima. Alikwenda Tunduru mwaka ule wa mawe, kila mwanaume alikuwa anakwenda kuchimba mawe ya thamani. Akaniandikia barua tatu. Mimi kusoma najua kidogo, kuandika sijui. Nikaenda kwa katekista akaniandikia majibu, nikampa utingo wa lori. Mara zote tatu nikampa utingo huyo huyo. Barua ya nne haikuja. Baada ya mwaka nikasikia ana mke na mji huko huko. Akamwambia mtu wa hapa, 'Nilimwandikia, akaninyamazia.'"

"Na utingo?"

"Utingo alikuwa anazifungia karanga."

Nikacheka. Sikutaka, lakini ikatoka, na yeye akacheka, kisha tukawa tunalia wote wawili na maharage yameshaungua.

"Nilikwambia kazi ni kazi," akasema, "kwa sababu nilitaka uzoee mapema. Mimi nilichelewa kuzoea." Akapangusa macho kwa khanga. "Lakini kama wewe una nguvu ya kupigana na hicho chombo, pigana. Kuanzia leo hupalilii. Mimi nitapalilia."

Miezi miwili nimekaa nyumba moja na mwanamke huyu nikidhani namjua.

Jumanne, 11 Machi

Nimesoma mstari mwekundu kwa kamusi. Unasema kosa liko mstari wa kumi na nne. Nimehesabu mistari mara tano, kila nikihesabu napata mstari mwingine, kwa sababu sijui kama mistari mitupu nayo inahesabiwa.

Alhamisi, 13 Machi

Inahesabiwa!

Mstari wa kumi na nne ni ule niliougusa kwa bahati mbaya. Alama ya kufungua semi ipo, ya kufunga haipo. Mwalimu wetu wa Kiswahili kidato cha pili alikuwa anatutoa nje kwa kosa hilo. Nimeirudisha. Koko amefunguka!

Mama mkwe alikuwa mlangoni na jembe. "Imekubali?" Imekubali, mama! Akapiga kigelegele kimoja kifupi, akaenda zake shamba.

Kisha zikaingia barua zake tatu kwa pamoja, nikatamani ningeuacha mstari mwekundu mahali pake.

Ya tarehe 7: "Leo nimemwona tembo na mtoto wake. Nilitaka kukuandikia nikakumbuka huandiki."

Ya tarehe 9: "Nimejiuliza kama ulinyamaza siku ile kwa kunikubali au kwa kuogopa wazee."

Ya tarehe 12: "Kumbe hata kukataa hutaki."

Nimetuma mara mbili. N, Enter, y. N, Enter, y. Koko akanifungulia barua hiyo hiyo, ya tarehe 12, akaniwekea mbele ya macho. Kwa mara ya kwanza sikuiona kama shukrani.

Jumamosi, 15 Machi

Nimetuma. Sijui kwa nini bado naandika neno hilo.

Jumatatu, 17 Machi

Lidwina amekuja na mahindi ya kuchoma, kunipa pole. Hajawahi kuniona nikitumia Koko. Siku zote mimi ndiye naenda dukani kwake. Alikaa kitandani anatafuna, mimi nikaandika ya kumi na tisa mbele yake. Nikamaliza. Ctrl na X. N.

"Mbona unamkatalia?"

"Namkatalia nani?"

"Mashine. Imekuuliza ihifadhi barua, umeibonyezea N."

"N ya ndiyo."

Lidwina akaacha kutafuna. "N ya nini?"

"Ya ndiyo. Si Kajetani kaandika, ona pale ukutani. *Swali: N.*"

"Benigna." Akaweka gunzi chini taratibu, kama mtu anayeweka yai. "Hiyo mashine imezaliwa Ulaya. Ndiyo yake ni Y. N ni no. Rudia, halafu usome mstari wa chini kabla haujapotea."

Nikarudia. Nikausoma. Lilikuwemo neno *aborted*.

"Hilo nalijua la baiolojia tu," nikasema. "La mimba."

"Basi ndilo hilo hilo. Barua zako zote zimetoka kabla ya siku zake."

Kila barua. Shati la harusi, shairi, HAPANA arobaini. Koko alikuwa ananiuliza kwa adabu kila mara: niitunze? Na mimi kila mara, kwa mapenzi yote, nikimwambia hapana, tupa. Hakuwa ananishukuru. Nilikuwa nagonga Enter na yeye anafungua barua iliyo chini ya mkono, basi.

Nimewakumbuka wazee wa Mpitimbi na vigelegele vyao. Nimemkumbuka Kajetani anaandika kadi kwa haraka, gari linapiga honi, anafikiri kwa Kiswahili na vidole vyake vinabonyeza kwa Kiingereza bila yeye kujua. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue nimemkasirikia. Nimeshangaa jinsi hasira ilivyokuwa na joto, karibu kama mapenzi.

Mama mkwe alipoelezwa aliuliza swali moja. "Kwa hiyo miezi miwili unasema ndiyo na hicho chombo kinasikia hapana?"

"Na Kajetani hasikii kitu kabisa, mama."

"Hiyo mbaya zaidi."

Jumanne, 18 Machi

Y. Enter. Ukatokea ukurasa ambao sijawahi kuuona, una jina lake, jina langu, na barua yangu imefungwa vizuri kama kifurushi. Nikabonyeza y.

Seva imekataa.

Imekataa mara kumi na moja. Sasa walau inayonikataa ni seva, si mimi ninayejikataa. Lakini siku zimebaki mbili.

Jumatano, 19 Machi

Nimewaza mchana kutwa. Koko hajawahi kutuma hata barua moja kwa mkono wangu, lakini kwa mkono wa Kajetani alituma. Kwa hiyo mipangilio yake ilikuwa sahihi. Nani aliyeiharibu? Mimi, kwa ile namba ya mlango. Na namba ya zamani niliifuta.

Lidwina hakuijua. Nikataka kujigonga ukutani. Kisha nikafungua daftari hili, ukurasa wa tarehe 6. 587. Nilikuwa nimeiandika bila sababu yoyote, kwa mazoea ya kuandika kila kitu kinachomhusu.

Nilipoirudisha umeme ukakatika. Betri ya laptop haifiki dakika tano. Mvua ya mawe. Nimeichunga soketi ya umeme mpaka giza likaingia.

Alhamisi, 20 Machi

Umeme umerudi saa tatu na dakika kumi asubuhi. Mama mkwe alisimama nyuma yangu ameshika bega la kiti.

Sikuandika shairi. Niliandika: "Hapana. Usisaini. Rudi. Nimekuandikia barua kumi na tisa zikapotea, nitakueleza. Sikunyamaza hata siku moja. Hapana. Benigna."

Y. Enter. y.

Chini pakaandikwa kwamba barua imetumwa. Mama mkwe akauliza, "Ndiyo hiyo?" Nikasema ndiyo hiyo. Akaenda kuchinja kuku, mmoja wa wale wasiotaga.

Ijumaa, 21 Machi

Hakuna.

Jumamosi, 22 Machi

Hakuna. Nimefungua Koko mara thelathini.

Jumapili, 23 Machi

Hakuna. Misani nilisahau kupiga magoti, nikabaki nimesimama peke yangu kama mlingoti.

Jumatatu, 24 Machi

"Benigna. Nimeipata. Nimeisoma nikakaa chini kwenye matope. Nilisaini tarehe 19. Mkuu alikuwa anaondoka kwa helikopta kupeleka majina mapema, na mimi nilikuwa nimechoka kusubiri. Siku moja tu. Nisamehe. Sasa imeshakuwa."

Imeshakuwa.

Mama mkwe alinikuta sakafuni. Hakuniambia nizoee. Alikaa sakafuni na yeye, na miguu yake ilivyo mibovu.

Jumanne, 25 Machi

Siku kumi na nne tulizokaa pamoja sikuwahi kumwambia neno moja kali. Leo nimeandika:

"Ulisema utasubiri mpaka tarehe 20. Tarehe 20 ilikuwa yangu. Hukuwa na ruhusa ya kuitumia. Bado haijawa. Karatasi imeandikwa na mtu, mtu anaweza kwenda kuzungumza na aliyempa. Mama yako aliachwa kwa barua zilizopotea. Mimi sikubali."

Chini yake nikamweleza kisa cha kadi na ile N. Nilisita kabla ya kubonyeza. Halafu nikaituma.

Alhamisi, 27 Machi

Amejibu kwa hasira! "Barua kumi na tisa! Nani asiyejua kwamba N ni no?"

Nimemjibu hapo hapo: "Nani aliyeandika N?"

Ijumaa, 28 Machi

"Niliandika N ya ndiyo."

"Na mimi nilisoma N ya ndiyo. Tatizo liko wapi?"

Tunagombana. Barua moja kwake, moja kwangu, kila siku. Ni mbaya na ni nzuri kuliko chochote nilichopata tangu Januari. Nimegundua kwamba akikasirika anaandika sentensi fupi, na kwamba hapendi kushindwa. Hayo sikuyajua. Nimeolewa na mtu, kumbe, si na mwandiko.

Jumatatu, 31 Machi

Hakuna barua. Mvua imepungua.

Jumatano, 2 Aprili

"Mkuu amerudi. Nimemweleza mbele ya watu wote, N na kila kitu. Walicheka mpaka mpishi akamwaga mchuzi. Nilisimama hapo nikachekwa. Mkuu akasema jina langu halifutwi mpaka apatikane fundi mwingine wa kushika nafasi. Asipopatikana kabla ya Pasaka, nabaki. Ameiandikia ofisi ya Namtumbo itafute. Sina la kuahidi."

Nimeandika: "Asante kwa kuchekwa."

Jumamosi, 5 Aprili

Hajapatikana.

Jumanne, 8 Aprili

Amepatikana mmoja, anaogopa tembo.

Alhamisi, 10 Aprili

Hakuna. Nimelifua shati la harusi. Lilikuwa limeanza kuota ukungu.

Jumamosi, 12 Aprili

Barua moja, mistari miwili.

"Fundi wa kushika nafasi yangu ameshuka hapa jana, jina lake Bakili. Jumatatu natoka na gari la kwanza."

Nilipiga kelele, mama mkwe akaja mbio kutoka shambani na matope mpaka magotini, akidhani nyoka. Nilimsomea. Akaniambia nisome tena, polepole. Kisha akavuta kigoda, akakisogeza mbele ya laptop ambayo hajawahi kuigusa, akapangusa mikono kwa khanga kana kwamba anakwenda kukanda unga.

"Na mimi nataka kumwandikia."

"Sema, mama, naandika."

Akafikiri. "Muulize siku hizi anakula nini."

"Si anakula wanachokula wenzake?"

"Wewe andika. Umekaa naye siku kumi na nne, mimi nimemlisha miaka ishirini na nane."

Nikaandika hivyo hivyo. "Niongeze nini?"

"Basi. Weka jina langu. Lukresia, mama yake."

Nikaliandika jina lake, nikamwonyesha lilipo. Akalisoma herufi kwa herufi akitumia kidole, bila kugusa kioo. Nikaituma.

Nimemwambia jibu halitafika kabla ya kesho. Amesema amesikia. Bado amekaa pale pale, mikono mapajani, anakitazama kioo cheusi, anasubiri.